Risasi zikilia ndani ya chuo, polisi wa kwanza kufika aingie ama angoje Recce, kile kikosi maalum cha polisi wa Kenya?

Wadau, naileta hii mada kwa sababu kuna watu bado wanashikilia kwamba magaidi wakivamia mahali, polisi wa kituo kazi yake ni kuzingira, kufunga barabara na kungoja Recce watoke Ruiru. Mimi nakataa kabisa.

Tukumbuke Garissa, 2 Aprili 2015. Magaidi wanne waliingia chuo kikuu alfajiri, kama saa kumi na moja na nusu, wengine wako kwa maombi wengine bado wamelala, Recce wakaletwa na ndege kutoka Nairobi wakafika mchana, wakaingia bweni jioni kama saa kumi na moja, hesabu mwenyewe hayo masaa. Na walipoingia haikuchukua muda, kazi ikaisha. Waliokufa 148, wanafunzi peke yao 142. Na kambi ya jeshi iko hapo hapo mjini jamani! Sisemi hakuna aliyejaribu, polisi watatu na wanajeshi watatu wamo kwa hiyo hesabu, Mungu awarehemu.

Recce wana kazi yao na wanaiweza. Adui akijifungia na mateka, hapo kungoja ni akili, mnaongea naye huku mnasoma vyumba viko vipi, walenga shabaha wanakaa juu, halafu mlango unavunjwa na wote wanaingia kwa mpigo mmoja. Lakini mtu akiwa anapita chumba hadi chumba akiua, mateka gani hapo? Wamarekani walizingira shule ya Columbine 1999 wakingoja SWAT, yaani kikosi chao maalum cha polisi, baadaye wakabadilisha mafunzo, wale wachache wa kwanza kufika wanaufuata mlio wa bunduki moja kwa moja, hata majeruhi wanawaruka kwanza. Na bado kwenye shule ya Uvalde, huko huko Marekani, 2022 walifika maafisa 376, ikachukua dakika 77 kumfikia muuaji mmoja, wakafa watoto 19 na walimu 2. Kwa hivyo msiniambie ni vifaa tu.

Najua mtasema magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013. Ni kweli, Recce walikuwa tayari ndani, KDF, yaani jeshi, wakaingia wakawafyatulia, kamanda wa Recce akafa, na hiyo inaniuma mpaka leo. Ila kosa halikuwa kuingia mapema, kosa ni kwamba hakukuwa na kamanda mmoja ambaye wote wanamsikiliza. Hoteli ya Dusit, Nairobi, ilipovamiwa 2019 vikosi viliingia mapema na vikaelewana, watu 21 tulipoteza, lakini zaidi ya 700 walitolewa wazima.

Swali langu kubwa ni hili, polisi wa Garissa, Mandera ama Lamu amepewa vesti ya kuzuia risasi, na amefanya mazoezi ya kuingia jengo lini mara ya mwisho? Maana kumwambia aingie mikono mitupu ni kumuua, na kumwambia angoje ndege ni kuua watoto. Mnaoishi huko semeni, polisi wenu wako vipi?