Lenzi za rangi za kuvaa jichoni: zinamsaidia mchezaji wa kriketi kuuona mpira?

Mwalimu_Temeke

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kriketi wasichana wa sekondari huku Temeke. Nina binti mmoja wa kidato cha tatu, ndiye mpigaji wangu wa kwanza, mtulivu sana kwenye wiketi. Ikishafika kama saa kumi na moja jioni anaanza kukosa mipira ambayo saa tisa alikuwa anaipiga vizuri tu. Nikimuuliza ananijibu, "Mwalimu, naona mkono wa mrushaji, halafu mpira unapotea. Nauona tena ukishadunda." Tunatumia mpira mweupe.

Sasa mama yake ameambiwa na muuzaji mmoja Kariakoo kwamba kuna lenzi za rangi za kuvaa ndani ya jicho, eti wachezaji wa Marekani wanazivaa ili mpira uonekane wazi. Bei shilingi 120,000. Mama huyu anauza samaki Feri na yuko tayari kuitoa hiyo hela, kwa sababu mtoto ana kipaji na yeye anakiona. Nimemwomba asubiri niulize kwanza. Zinasaidia kweli?

Kipa_wa_Upanga

Mwalimu, muuzaji hakubuni kila kitu. Mwaka 2005 Nike walishirikiana na Bausch & Lomb wakatoa lenzi za namna hiyo, zikiitwa MaxSight. Zilikuwa za rangi mbili: kaharabu kwa michezo ya mpira wa kasi kama besiboli, tenisi na soka, na kijivu-kijani kwa gofu na mbio. Wachezaji wa besiboli Marekani walizivaa.

Lenzi sijawahi kuvaa. Miwani ya kioo cha kaharabu nimeivaa miaka mingi nikiwa mlinda wiketi na nikisimama mpakani, na mchana mpira wa juu nauona vizuri zaidi nikiwa nayo. Hapo sina shaka hata kidogo.

Bi_Macho_Tanga

Mwalimu, mimi ni mpima macho, niko Tanga, na kriketi imenilea kwa sababu kaka zangu wote wameicheza. Mwambie mama asiitoe hiyo hela.

Alichosema Kipa ni sahihi, ila ni cha mchana. Kioo cha kaharabu kinazuia mwanga wa bluu. Bluu ndiyo inayotawanyika zaidi hewani, na jicho haliwezi kuikusanya mahali pamoja na nyekundu. Ukiipunguza, anga linakuwa zito na mpira mweupe unajitokeza. Wengi wakivaa husema wanaona vizuri zaidi. Lakini ukiwapima kwa ubao wa herufi, tofauti mara nyingi ni ndogo au haipo. Kinachoongezeka zaidi ni raha ya jicho, na raha siidharau. Ila angalia: ukicheza na mpira mwekundu chini ya anga hilohilo, mpira ule tayari ni mweusi kuliko anga. Ukilitia anga giza, unapunguza tofauti iliyokuwa inakusaidia. Na jioni, rangi yoyote inakula mwanga ambao tayari umeanza kupungua. Binti yako anapata shida jioni.

Halafu hizo za Kariakoo, kwa namna zilivyouzwa, nina hakika ni lenzi za urembo, zile za kubadilisha macho yawe ya bluu au ya asali. Ukiweka moja kwenye ncha ya kidole ukaielekeza dirishani, utaona pete ya rangi yenye vidoti vidoti, na katikati duara tupu lisilo na rangi kabisa. Duara hilo ndilo linalokaa mbele ya mboni. Maana yake mvaaji anaona kwa sehemu isiyo na rangi, kwa hiyo mpira unabaki vilevile. Jioni ni mbaya zaidi: mboni inapanuka kutafuta mwanga, inafika kwenye ile pete, na ukingo wa rangi unaingia ndani ya picha kama ukungu.

Na tusichukulie lenzi kama hereni. Inakaa juu ya konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, sehemu ambayo haina hata mshipa mmoja wa damu na hewa yake inaipata moja kwa moja kutoka nje. Mtoto akiosha lenzi kwa maji ya bomba, akilala nayo, au akiazimana na mwenzake, anaweza kupata kidonda. Nimemhudumia msichana aliyeazimana lenzi na dada yake kwa ajili ya sendofu. Kidonda kilipona, kikaacha kovu jeupe pale pale anapotazamia. Siwezi kumwona mtoto mwingine akipita njia hiyo kwa sababu ya mpira.

Sasa nikuulize mambo mawili. Darasani anasoma ubaoni akiwa amekaa nyuma, au ananakili kwa jirani? Na wiketi yenu, yaani ule ukanda wa kuchezea kati ya mrushaji na mpigaji, imelala upande gani, kaskazini na kusini, au mashariki na magharibi?

Nauliza hivyo kwa sababu ya maneno yake mwenyewe. Asiyeona mbali angekosa hata mkono wa mrushaji, na angekosa saa tisa pia. Yeye mkono anauona, mpira unapotea ukiwa juu, unarudi ukiwa chini mbele ya udongo. Hiyo inanukia jua.

Mwalimu_Temeke

Dada, asante sana. Ubaoni anasoma vizuri hata akikaa kiti cha mwisho. Wiketi yetu imelala mashariki na magharibi, kwa sababu upande mwingine kuna magoli ya mpira wa miguu. Na mazoezini wapigaji wote wanasimama upande wa geti, wanatazama magharibi. Nimekuwa nawapanga hivyo ili mipira isiruke ikaenda barabarani.

Bi_Macho_Tanga

Basi tumefika, Mwalimu. Viwanja vya kriketi hupangwa kaskazini na kusini kwa sababu ya jua hilo hilo. Dar jua linazama upande wa magharibi mwaka mzima. Saa kumi na moja liko chini kiasi kwamba mwanga wake unaingia moja kwa moja jichoni na kutawanyika ndani, na mpira unaokuja kutoka upande huo unaonyesha ubavu wake wenye kivuli. Hapo lenzi ya rangi inalitia giza jua na inautia giza mpira kwa kiasi kilekile.

Mwaka 2000 watafiti Michael Land na Peter McLeod walipima macho ya wapigaji wa kriketi. Waligundua kwamba mpigaji haufuati mpira safari yote. Anautazama unapotoka mkononi, kisha jicho linaruka mbele hadi mahali anapokisia utadunda, linausubiri pale. Kutoka mrushaji hadi mpigaji ni mita 17 na kitu. Mpira wa kilomita 120 kwa saa unazimaliza kwa takriban nusu sekunde. Binti yako ananyang'anywa kile kipande cha kwanza, ambacho kisio lote linakitegemea.

Ndiyo maana michezo yenyewe imeshughulika na mpira na mandhari ya nyuma yake zaidi ya kushughulika na jicho. Tenisi iliruhusu mpira wa njano mwaka 1972 kwa ajili ya watazamaji wa televisheni, na Wimbledon wakaufuata 1986. Kriketi ina mpira mwekundu na skrini nyeupe, yaani pazia kubwa, nyuma ya mrushaji, au mpira mweupe na skrini nyeusi. Walipotaka kucheza mechi za siku tano hadi usiku, wakaleta mpira wa waridi, Adelaide, Novemba 2015.

Fanya hivi. Jioni mpigaji ape jua mgongo, atazame mashariki. Mipira ikielekea barabarani, weka wavu upande huo. Kisha nunua kaniki, mpe fundi cherehani aishone, itundike nyuma ya mrushaji.

Kipa_wa_Upanga

Hapo kwenye kaniki nakubali kabisa, sisi tulikuwa tunarushiwa mipira mbele ya ukuta mweupe na ilikuwa taabu. Ila dada, miwani yangu ya mchana siiachi.

Bi_Macho_Tanga

Usiiache, kaka. Miwani unaivua ukitaka, na haigusi konea. Kwa mipira ya juu mchana inakufaa.

Mwalimu_Temeke

Mkeka wetu, ambao ndio wiketi yenyewe, unashikiliwa kwa vigingi tu, haujawekwa juu ya zege, kwa hiyo siku za mechi naweza kuugeuza nikikubaliana na mwalimu wa soka. Kaniki iwe na ukubwa gani? Na bado nimpeleke akapimwe?

Bi_Macho_Tanga

Mpeleke. Kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa inatosha. Aombe apimwe kuona mbali jicho moja moja, na apimwe rangi pia. Upofu wa rangi ni nadra kwa wasichana, ila Chris Rogers wa Australia alicheza mechi za kimataifa akiwa nao, na mpira wa waridi ulimsumbua. Akikutwa anahitaji lenzi za kusahihisha uoni, zipo zisizo na rangi, atapewa na mtu atakayemfundisha kunawa mikono na kuzivaa.

Kaniki iweke mita 15 nyuma ya wiketi ya mrushaji, ili asijikwae nayo anapokimbia. Upana mita 4, ncha ya juu mita 3 na nusu kutoka chini. Ukiirudisha nyuma zaidi, ipandishe, kwa sababu mkono wa mrushaji lazima uonekane wote ndani ya ule weusi kwa macho ya mpigaji. Simama wewe mwenyewe kwenye wiketi, inama kama yeye, mwambie mrushaji anyanyue mkono. Ukiona vidole vimetoka juu ya kitambaa, ongeza kipande kingine.