Tupeane uzoefu: usingizi, mazoezi na hewa ya chumbani kwa kijana anayetegemea kichwa chake

Mwanzisha mada
Wakuu, salamu. Vijana wengi wa vyuo na waliopanga chumba kimoja wana kilio kimoja: asubuhi kichwa kizito, ukurasa unasomwa mara tatu haushiki, hasira ziko puani. Wanakimbilia vidonge vya kumbukumbu. Kabla ya vidonge, tukague usingizi, mazoezi na hewa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na sehemu ya mbele, ile ya kupanga na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi. Mwenye ujuzi aweke hatua na vipimo.

Muuguzi wa zamu
Naanza na jiko la mkaa, maana hili linaua. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, bila moshi, ndio unaodanganya watu. Moshi umekwisha, lakini gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, bado inatoka, na haina harufu wala rangi. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anapumua kama kawaida huku ubongo unanyimwa. Dalili ni kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu. Mkiumwa wote chumbani kwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, msiseme ni malaria. Tokeni nje kwanza, kisha hospitali, hata kama nafuu imekuja: kusahau na kuchanganyikiwa kunaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye. Bakuli la maji kando ya jiko haliondoi gesi hii. Jiko lisilale ndani, hata kama maharage hayajaiva, hata kama ni Julai na baridi ya Njombe.

Fundi madirisha
Naongeza dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara. Utafiti wa mwaka 2003 ulikuta kwamba duara moja likiungua lote linatoa chembe laini, yaani vumbi dogo sana la moshi, sawa na sigara 75 hadi 137. Hizo chembe zinapenya mapafu mpaka kwenye damu. Mtu analala nazo kwa muda wa saa nane, dirisha limefungwa!

Badala yake weka wavu dirishani. Tundu zisizidi milimita 1.5. Kata wavu uzidi fremu sentimita 3 kila upande, anza kubana juu, vuta kushuka, malizia pembeni. Wengi wanakosea kwa kubana pande zote mbili kabla ya kuvuta. Katikati unalegea na pembeni mbu anapata njia. Vumbi likiziba tundu upepo haupiti, kwa hiyo sugua kwa brashi laini na maji ya sabuni kila mwezi. Chandarua bado kinahitajika, kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Chumba chenye dirisha moja: jioni, jirani wakishamaliza kupika, elekeza feni nje kupitia dirishani, fungua mlango, acha dakika 20. Joto linatoka, hewa mpya inaingia kwa mlango. Feni ikikuelekea wewe inakupoza tu, inazungusha hewa ileile. AC nyingi za ukutani nazo ni hivyohivyo.

Kocha wa mchakamchaka
Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za nguvu. Kipimo cha wastani: unaweza kuongea, huwezi kuimba. Asiyezoea aanze dakika 20 kwa siku nne, aongeze dakika 5 kila wiki. Ila usikimbie kando ya barabara ya malori. Mtu akikimbia anavuta hewa zaidi ya mara kumi ya aliyekaa, na masizi yote yanaingia naye. Sogea mita 200 ndani, au ruka kamba uani. Alfajiri ya baridi isiyo na upepo moshi wa taka hulala chini. Siku hiyo subiri jua lipande.

Mshauri wa usingizi
Mtu mzima kijana anahitaji kulala kwa muda wa saa 7 hadi 9. Funga saa ya kuamka, hata Jumapili. Saa ya kulala itajipanga yenyewe. Kahawa hukaa: ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku karibu nusu bado iko mwilini. Kikombe cha mwisho kiwe saa 7 mchana. Kulala mchana kusizidi dakika 20. Anayekesha kabla ya mtihani ajue kwamba saa 17 bila kulala zinapunguza umakini kama pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na alichosoma kinahifadhiwa akiwa usingizini. Anayekoroma na kukata pumzi akapimwe, asijilaumu kwa uvivu.

Mwanzisha mada
Na bodaboda wanaoshinda barabarani, barakoa ya kitambaa inatosha?

Muuguzi wa zamu
Haitoshi, chembe laini zinapita. N95, barakoa maalum ya kuchuja chembe, inazuia angalau asilimia 95 ya chembe hizo, ikibana uso. Funika kwa viganja, pumua kwa nguvu: hewa ikikupiga machoni, bana upya waya wa puani. Ndevu zinaharibu mbano. Na haizuii kaboni monoksaidi hata kidogo, kwa hiyo asiivae akabaki na jiko chumbani.