Naomba ushauri: moyo unaenda mbio usiku, vipimo vyote viko sawa

Habari zenu wakuu. Nina miaka 34. Huu ni mwezi wa tano nashtuka saa tisa usiku, moyo unadunda kama nimekimbizwa, vidole vinaingia ganzi, pumzi inaishia kooni. Baada ya dakika 10 hivi inapoa, nabaki nimekaa kitandani shati limelowa jasho.

Nimepima moyo, damu, hadi tezi ya shingoni (nayo ikizidisha kazi huleta mapigo ya kasi). Vyote safi. Daktari akasema ni wasiwasi, nipunguze mawazo. Nayapunguzaje sasa?

Kahawa nimeacha, afadhali kidogo. Kinachonitisha ni kwamba nimeanza kukwepa watu: simu ikiita naigeuza kifudifudi, na kikao cha kazini wiki iliyopita nilisingizia tumbo. Nimesoma kwamba wasiwasi uliopitiliza, karibu kila siku kwa miezi 6, huhesabiwa kuwa ugonjwa. Nisubiri itimie, au niende kwa mwanasaikolojia sasa hivi? Mliopitia hili, mlianza na dawa au mazungumzo tu? Kujidhuru sijawaza, niliseme hilo mapema.