MREJESHO: Lile neno "colonel" lililonitoa jasho

Wakuu, nimerudi. Niliomba msaada hapa wa kutamka neno la Kiingereza "colonel" (cheo cha kanali) kwa sababu nilipewa kushereheshea hafla ya mstaafu wa jeshi, na wageni wengine walitoka nje ya nchi.

Mdau mmoja alinijibu kwa kifupi: "Sema kanali, ila meza ile i ya mwisho." Nikajua ananitania. Kumbe ndiyo dawa yenyewe! Ni silabi mbili tu: "kaa" ya mdomo nusu wazi, kisha "nol" fupi. Wamarekani huichomeka r katikati. L ya kwanza haisikiki kabisa.

Nilichimba kidogo. Neno limetoka Italia, colonnello. Wafaransa wakaligeuza coronel, Waingereza wakalipokea hivyo. Baadaye maandishi yakarudi kwenye l, ndimi zikagoma. Sisi tulilidaka kwa sikio, ndiyo maana tunaandika kanali.

Jumamosi nikashika maiki, nikalitamka, mzee akatabasamu. Safi. Kilichoniumbua ni "lieutenant" (luteni): Waingereza husema "leftenanti", Wamarekani "lutenanti", mimi nikatoa "leflutenanti". Meza ya mbele ilicheka mpaka soda zikamwagika.