Massey 135 iliyofungwa pawa stelingi: resi ikishuka usukani unagoma

Mpunga_Ubaruku
Wakuu, shikamooni. Nina Massey Ferguson 135, ile ya Perkins silinda tatu. Fundi aliifungia pawa stelingi: akatoa boksi la stelingi na zile fimbo mbili za kwenda magurudumuni, akaweka obitali ya foklifti (vali inayozungushwa na usukani kupeleka oili kwenye silinda), silinda moja na tairodi, fimbo ya kuunganisha magurudumu mawili. Pampu ni ya gari dogo, inavutwa na mkanda kutoka puli ya krenki. Barabarani, resi ikiwa juu, usukani laini hata binti yangu anageuza. Shida mwisho wa jaruba: nikishusha resi nikanyanyua plau nigeuze, unagoma, nauvuta kama namtoa ng'ombe kwenye tope. Jua likiwaka oili inatoa povu na pampu inalia. Mjini wanasema ninunue pampu mpya. Hiyo ni hela ya magunia, nisaidieni kabla sijaitoa.

Dereva_Ifakara
Mkanda unateleza huo. Kaza. Ukishindwa, kaza na ile skrubu ya relifu, vali ya kupunguza presha ikizidi, upate presha.

Fundi_Kihonda
Mkanda sawa, angalia. Relifu usiiguse bila geji ya presha, utapasua hosi. Na hosi ikivuja usiipapase kwa mkono, oili ya presha inapenya ngozi. Pitisha kipande cha boksi la karatasi uone panapovuja.

Mkuu wa Ubaruku, fanya hivi. Trekta sailensa, yaani resi ya chini kabisa, magurudumu chini. Zungusha usukani polepole sana, kisha haraka. Ukiwa mgumu hata polepole, presha inapotea: relifu au sili za silinda. Ukiwa laini polepole na mgumu haraka, presha ipo, oili ndiyo haitoshi. Halafu nisomee namba ya kwenye kibati cha obitali.

Povu ni hewa. Kaza klipu za hosi ya kunyonya, ile ya kutoka tenki kwenda kwenye pampu. Hapo oili haivuji nje, hewa ndiyo inaingia ndani, ndiyo maana watu hawaoni kitu. Tazama na paipu ya kurudisha: mdomo wake uwe chini ya usawa wa oili, usimwage kwa juu.

Mpunga_Ubaruku
Asante kwa kazi, fundi! Mkanda uko imara. Polepole laini, haraka mgumu. Kibati kinasoma 160. Na paipu ya kurudisha kweli inamwaga juu, pale kwenye mfuniko.

Fundi_Kihonda
Basi pampu haina kosa. Obitali ya 160 inakula sentimita za ujazo 160 kila mzunguko. Ukizungusha mara moja kwa sekunde, ni lita 9.6 kwa dakika. Pampu ya gari dogo, tuseme ya sentimita za ujazo 8 kwa mzunguko, ikienda sawa na injini kwenye mizunguko 750 kwa dakika, inatoa lita 6 tu. Zinazobaki unazisukuma kwa mabega yako. Weka obitali ya 100, itataka lita 6 hizo hizo. Utazungusha mara nyingi zaidi kufika mwisho wa kona, ila kwa mkono mmoja. Paipu ya kurudisha ishushe leo.

Mpunga_Ubaruku
Ya 100 nimeiona kwa wauza vyuma chakavu, lakini herufi za matundu zimefutika.

Fundi_Kihonda
Usibahatishe. L (kushoto) na R (kulia) ukizibadilisha trekta litakata kushoto ukitaka kulia, hiyo unageuza hosi yanaisha. P (oili kutoka pampu) na T (oili kurudi tenki) ukizikosea usukani unaweza kukupiga mkono. Weka picha ya mgongo wake hapa kabla hujalipa.