Gereji mnaoshusha giaboksi ya auto kabla hamjapima chochote, mtatufilisi!

Wakuu, nimevurugwa, mnivumilie.

Gari ni Hilux Surf ya 1997, injini 1KZ-TE, giaboksi auto ya gia nne, zile za familia ya A340. Mwezi uliopita ikaanza vituko: ukiweka D inaondoka kizito kama imefungiwa trela, ikishachanganya inakwenda vizuri tu. Ukiweka L, ile ya gia ya chini, inachomoka kama kawaida. Na taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ile ya gia ya juu (overdrive), inawakawaka muda wote.

Nikaipeleka gereji. Jamaa akachomeka kimashine chake, hakikusoma kitu. "Bosi, haisomi, giaboksi imekufa." Yaani kimashine kukaa kimya ndiyo cheti cha kifo! Nikamwambia mbona nimechomoa kijiti cha kupimia na ATF, yaani mafuta ya giaboksi, ni nyekundu, haina hata harufu ya kuungua. Akaniuliza kati yetu fundi ni nani.

Hii ni 4WD. Kushusha giaboksi ni kufungua propela shafti mbili, krosimemba, na kuteremsha mzigo wote pamoja na transfa. Siku tatu. Giaboksi ya mtumba 1,400,000, ufundi 350,000. Tukawasha. D nzito vilevile, L safi vilevile, taa inawakawaka vilevile! Bila hata haya ananiambia hiyo ya mtumba nayo mbovu, nitafute nyingine.

Nikaondoka na gari langu. Ukifungua boneti kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, unahesabu ile taa ya O/D OFF. Yangu ikawaka mara sita, ikatulia, ikawaka mara mbili. 62: saketi ya selenoidi namba moja, yaani vali ya umeme ya kubadilisha gia. Ndiyo maana kwenye D ilikuwa inaanzia gia ya tatu! L inapata gia ya kwanza hata selenoidi zikiwa zimelala, na giaboksi iliyokufa ingechomokaje kwenye L? Swali la bure kabisa hilo, halihitaji spana.

Nikaingia chini, nikachomoa soketi ya selenoidi, nikaweka mita: omu 13. Nzima. Hata sampo, lile sinia la mafuta chini ya giaboksi, sikugusa. Nikaufuata waya kwenda juu, nikaukuta umelalia bomba la ekzosi, plastiki imeyeyuka, shaba imekatika. Nikaunga kipande kama urefu wa kidole, nikafunga tepu, nikaubana mbali na ekzosi. Taa kimya, D inachomoka.

Nimempigia anirudishie giaboksi yangu ya kwanza. Keshaiuza! Eti kuna mteja alikuwa na haraka, kamuuzia kama "mtumba safi toka Japani".

Kwa hiyo mkuu, kama umefungiwa A340 ya Surf wiki hizi na gari bado ni nzito kwenye D, giaboksi hiyo ni nzima, naijua. Angalia waya wako kwenye ekzosi.