Hivi eareta za waini zinasaidia kweli au tunajidanganya?

Bi_Zabibu:
Wakuu habari za muda huu. Shemeji yangu kaniletea zawadi, kile kidude cha kupitishia hewa kwenye waini, wanakiita eareta, kipo kama faneli fupi ya plastiki hivi, unakishika juu ya glasi unamimina waini kwa juu inapita inakoroma kama maji yanayoishia kwenye sinki halafu inashuka chini imejaa viputo. Kwenye boksi wameandika kwamba kupita humo sekunde chache ni sawa na kuiacha waini ipumue saa nzima. Nimekitumia mara nne kwa waini nyekundu, mara mbili niliona kabisa imelainika, ule ukakasi unaokamata ulimi na fizi umepungua, mara mbili sikuona kitu. Mume wangu anasema ule mlio ndio unaonifanya nitegemee tofauti. Sasa naomba mnaojua mniambie ukweli, maana nina chupa tatu za zamani nimezitunza kwa upendo sana na sitaki kuziharibu.

Fundi_Karafa:
Dada, mumeo ana hoja lakini na wewe hujakosea. Kuna mambo mawili hapa watu wanayachanganya sana, kuna vinavyotoka kwenye waini na kuna kinachoingia.

Vinavyotoka ni gesi, hasa zile zenye salfa. Waini changa ukiifungua mara nyingine inanuka yai viza au njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, hiyo inatokana na kukaa imefungwa bila hewa ya kutosha. Sasa gesi kama hiyo ya yai viza inaruka kirahisi, ukiichanganya waini na hewa kwa nguvu nyingi yake inaondoka hapo hapo na harufu ya matunda iliyokuwa imefunikwa inajitokeza. Kwenye hilo eareta inafanya kazi, sina ubishi.

Kinachoingia ni oksijeni, na hapo ndipo maneno ya kwenye boksi yanapovuka mpaka. Waini iliyoshiba hewa kwenye joto la digrii 20 inabeba oksijeni kama miligramu 8 hivi kwa lita, na kweli inaweza kuingia haraka, ila kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo lingine. Oksijeni inaila waini polepole, inachukua siku kadhaa kuisha. Kwa hiyo tanini, ambayo ndiyo inaleta huo ukakasi, haiwezi kugeuka ndani ya zile sekunde unazomimina. Nahisi kilichobadilika ni harufu, na harufu ikiwa tamu mdomo nao unasamehe. Au joto, maana waini nyekundu ikiwa ya baridi ukakasi unazidi, ikipata joto kidogo kwenye glasi unatulia yenyewe.

Kidude chenyewe kinatumia kanuni aliyoieleza Mwitaliano Venturi mwaka 1797, kimiminika kikipita mahali palipobana kinaongeza mwendo na presha yake inashuka, basi hewa inavutwa kupitia vile vitundu vya pembeni. Vizibe kwa vidole wakati unamimina utasikia mlio unakata na viputo vinapotea.

Na wale wanaozibua kizibo tu wakaiacha chupa mezani wakisema inapumua, pale hakuna kinachopumua. Tundu la shingo ya chupa ni milimita 18 na ushee. Mimina hiyo waini kwenye jagi lenye upana wa sentimita 16, eneo linaloguswa na hewa linakuwa zaidi ya mara 70.

Ukitaka kumaliza ubishi na mumeo fanyeni hivi: glasi tatu zinazofanana, zote waini ile ile, mbili imetoka tu kwenye chupa na moja imepita kwenye eareta (au kinyume chake), mmoja amimine chumba kingine aweke alama chini ya glasi, mwingine atafute iliyo tofauti. Rudieni mara 6, mkibadilisha mpangilio. Kwa kubahatisha tu, kupata zote 6 ni nafasi 1 kati ya 729.

Mzee_Mashapo:
Mwanangu, hizo chupa za zamani usizipitishe humo kabisa, nakuomba.

Nilikuwa na chupa moja nyekundu ya mwaka aliozaliwa binti yangu, nimeitunza miaka 21, siku yake ilipofika tukaifungua. Glasi ya kwanza nilimmiminia mama yake moja kwa moja kutoka kwenye chupa, ikatoa harufu ya majani makavu, ngozi, na kwa mbali matunda yaliyokaushwa, mama akafumba macho. Halafu mimi na kiherehere changu nikachukua eareta nikazimiminia glasi nne zilizobaki. Hazikupita dakika kumi, harufu yote imekwenda, kimebaki kitu chembamba chenye uchachu wa siki, na chini ya glasi tope la mashapo limechanganyika. Binti alionja akanitazama tu, hakusema neno. Tukaishia kupokezana ile glasi moja ya mama yake, kila mtu funda moja. Mpaka leo nikikumbuka roho inauma.

Waini ya umri huo harufu yake ni kama uzi mwembamba, hewa ndiyo inayoukata. Émile Peynaud, yule mtaalamu mkubwa wa waini wa Bordeaux aliyefariki 2004, alishikilia kwamba waini imiminwe kwenye dikanta, yaani jagi la kuhamishia waini, pale tu yanapokuwepo mashapo ya kuyatenga, na ifanyike muda mfupi kabla ya kunywa. Simamisha chupa wima tangu jana yake mashapo yazame, ifungue taratibu, weka taa nyuma ya shingo ya chupa, mimina bila kusita wala kurudisha chupa, ukiona wingu jeusi limefika kwenye bega la chupa acha hapo hapo.

Mhudumu_Mezani:
Mimi namimina waini usiku kucha ndiyo kazi yangu, na naitetea eareta kwa sehemu yake. Wageni wamekaa, wamechagua Syrah changa, waini nyekundu ya zabibu za jina hilo, naifungua inanuka salfa, sina saa nzima ya kuisubiri, naipitisha na meza inafurahi. Syrah ndiyo inayonisumbua zaidi kwa hilo, Cabernet changa, nyekundu nyingine, na yenyewe huwa imejifunga, harufu haitoki. Ila kwa kweli kama una majagi mawili mimina kutoka hili kwenda lile mara tatu nne unapata kitu kile kile. Nathan Myhrvold, aliyewahi kuwa mkuu wa teknolojia Microsoft, yeye anaitia kabisa kwenye blenda sekunde 30 hadi 60, na waini changa ngumu inavumilia.

Pinot Noir, ile nyekundu nyepesi, siipitishi, nazungusha glasi tu. Yenye mapovu ndiyo kabisa, utayaua yote. Na waini iliyoharibiwa na kizibo, ile inayonuka boksi lililolowana, hewa haiitibu, kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kunuka, hiyo irudishe ulikoinunua.

Jingine dada, ukimaliza suuza na maji ya moto hapo hapo, usiiache mpaka asubuhi. Niliwahi kufungua moja ya kazini nikakuta vile vitundu vya pembeni vimeziba kwa utando wa zambarau unaonuka siki, na tulikuwa tunawamiminia watu. Nilijisikia vibaya sana.

Bi_Zabibu:
Asanteni sana jamani, Mzee pole sana, ile glasi ya mama imenitoa machozi.

Jana tumefanya ule mtihani wa glasi tatu. Kwanza Syrah ya miaka miwili, iliyopita kwenye eareta dhidi ya ile iliyotoka tu kwenye chupa, nilipata 6 kati ya 6, na zote nilizijua kwa pua kabla hata sijaonja, ya kwenye chupa ilikuwa na ule moshi wa kiberiti. Mume wangu alipata 5. Akanyamaza kidogo halafu akasema haya, sasa tulinganishe eareta na glasi iliyozungushwa vizuri dakika moja. Hapo mimi nilipata 2, yeye 2, yaani ni kile ambacho mtu angepata kwa kukisia tu amefumba macho. Tukabadilishana mmiminaji tukarudia, mambo yale yale.

Kwa hiyo kidude kitabaki jikoni kwa siku za wageni wengi na waini changa, nimeshakisuuza. Siku tukiwa wawili tu tutazungusha glasi. Zile chupa tatu hakizigusi, ya kwanza tunaifungua Jumamosi na imeshasimama wima tangu asubuhi ya leo.

Mzee_Mashapo:
Usiitikise unapoihamisha mwanangu. Na glasi ya kwanza ionje mapema, usisubiri.